Robo ya Kirikuu

Kirikuu ya Biasha ilikuwa na breki nzuri kuliko gari lolote la umri wake kisiwani Unguja, na hizo breki ndizo zilizomponza. Lau zingebaki mbovu kama alivyozikuta, kile kigari cha mizigo kingekuwa bado chake, kimekaa chini ya mnazi kule Mangapwani kikioza taratibu, wala hakuna ambaye angekitamani. Yeye naye asingekuwa Kizimkazi katika nyumba ya kaka yake, akipara samaki wa watu uani na kulala chumba kimoja na majaketi ya kuelea ya wageni wanaokwenda kutazama pomboo.

Nimepanda magari makuukuu katika miji mingi ya bahari, Aden, Maskati, Bombay, na kote nimeona kutu. Katika nchi za theluji watu humwaga chumvi barabarani kwa makusudi ili barafu iyeyuke, na magari yao yakioza wanajua wa kumlaumu. Unguja hakuna wa kumlaumu. Chumvi inakuja na upepo, inaingia hata kwenye kufuli za milango. Gari linashushwa bandarini likitoka Japani, limeshachoka, na siku hiyo hiyo linaanza kuliwa kutoka chini. Mwenyewe hulipaka rangi juu na kulitundikia maua ya plastiki kwenye kioo. Chini hatazami.

Ubwa, mume wa Biasha, alikuwa akitazama, ila alitazama kwa macho ya mtu wa vyombo vya baharini. Baba yake na babu yake walikuwa watu wa mashua, na kirikuu ile ilikuwa gari la kwanza kuingia katika ukoo wao. Kila baada ya wiki kadhaa aliinyanyua kwa jeki, akaingia chini na kopo la sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za chombo zisipenye maji, akaipaka tumbo zima kwa tambara. Jirani wakifunga madirisha kwa harufu.

"Ubwa, hilo gari au ngarawa?" walimuuliza.

"Vyote viwili vinakwenda kwenye chumvi," aliwajibu kutoka chini. "Fungeni pua, mie nafunga kutu."

Kazi ya gari ilikuwa kubeba dagaa. Pale pwani ya Mangapwani wanawake huwachemsha kwenye masufuria makubwa ya maji ya chumvi, na Ubwa alikuwa akiwapakia bado wanachuruzika, maana mnunuzi wa mjini hangoji. Maji yale yalipita kwenye matundu ya sakafu yakamwagika chini. Sifa ikashika mchanga, mchanga ukashika maji ya chumvi, na kutu ikapata pa kulala. Ukichungulia uliona weusi unaong'aa, kama chombo kilichotoka kupakwa asubuhi ile. Kila mtu alimsifu Ubwa kwa kulitunza gari lake.

Alikufa kwa presha, amekaa pwani na kikombe cha kahawa mkononi. Hawakujaaliwa mtoto. Biasha alikaa eda katika nyumba waliyoishi pamoja, ukuta kwa ukuta na nyumba ya mama mkwe wake, Bi Mwanapili. Wanawake hawa wawili walipendana kwa namna ya watu waliozoea kuazimana chumvi na kunyamaziana makosa.

Siku ya arubaini, khitma ilipomalizika na sinia zikaondoshwa, Khatib, mdogo wake Ubwa, alibaki amekaa mkekani. Bi Mwanapili alikuwa pembeni na tasbihi yake.

"Shemegi," Khatib alisema, "ile kirikuu chukua weye. Mie nshaitazama. Hata wanunuzi wa vyuma chakavu hawaitaki."

"Ahsante, Khatib."

"Unishukurie nini? Unatuondolea uchafu uani."

Bi Mwanapili alisema, "Inshallah," akasukuma ushanga mmoja wa tasbihi. Hakuna aliyemuuliza neno, naye hakuongeza.

Biasha hakuuliza habari za mashua aliyoiacha Ubwa, wala mashine yake, wala nyavu, wala minazi. Huku mjane akitaja mirathi na kaburi bado bichi, ataambiwa alikuwa akimhesabia mumewe pumzi. Watu wa adabu hawagawi. Wananyamaza, na vitu vinabaki kwa yule ambaye mikono yake ilikuwa karibu navyo. Mashua ilikuwa karibu na Khatib. Biasha alipewa kilichooza, akakichukua kwa neno la mdomo tu, bila karatasi, mbele ya watu wawili wa nyumba moja, akaona ametendewa wema.

Eda ilipokwisha akalitia gari betri ya kuazima. Kuendesha alikuwa anajua, Ubwa alimfundisha kwenye kiwanja cha mpira. Alifikiria kitu kimoja tu: akiwa na gari linalokwenda, hatokuwa na haja ya kurudi Kizimkazi kula kwa kaka yake na kuulizwa na wifi yake kila asubuhi ataolewa lini tena. Basi akateremka nalo pwani kwenda kupakia dagaa. Katikati ya mteremko akakanyaga breki, na pedeli ikashuka mpaka chini kama mguu ulioingia kwenye tope. Akavuta hendibreki kwa mikono miwili, akakata usukani, akaingia kwenye rundo la kuni za wachemshaji.

"We Biasha!" akapiga kelele mmoja wao na mwiko mkononi. "Unataka kutuchemsha na sie?"

"Mwacheni, mjane kafuata kuni," akasema mwengine, na wote wakacheka, hata Biasha.

Gari lilikokotwa kwa kamba mpaka mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwa Ammar. Ammar ni fundi mwenye kibanda cha mabati nyuma ya duka la magodoro. Babu yake alikuwa Mwarabu mwenye mashamba ya karafuu na mtu wa kumshikia mwavuli. Mjukuu anashikilia spana, na ukimkumbusha habari za babu yake anakutukana kwa Kiarabu kizuri sana. Aliingia chini ya gari na bisibisi, akakwangua, akaita.

"Bi Biasha, njoo uone. Usiogope kuchafuka, ushachafuka."

Biasha akafunga kanga kiunoni akaingia. Ammar alimwonesha mstari mweusi uliopita pembeni mwa chesisi. Akaugusa kwa ncha ya bisibisi. Sifa ikabanduka, na chini yake hakukuwa na chuma, kulikuwa na unga mwekundu.

"Hili lilikuwa bomba la breki," alisema. "Limekwisha. Kilichokuwa kikizuia mafuta yasimwagike ni uchafu."

"Alikuwa akilipaka kila mara."

"Ndiyo. Kalipaka asilione." Akasogea mpaka gurudumu la nyuma kushoto, akaelekeza bisibisi. "Na hili hapa kaliona."

Bomba la gurudumu lile lilikuwa limeminywa kwa koleo, likakunjwa, likaminywa tena. Ammar alimweleza: bomba likitoboka na mtu hataki gharama, huliminya mafuta yasipite, na gari huendelea na breki za magurudumu matatu. Linasimama, ila ukikanyaga kwa ghafla linavuta upande mmoja.

"Labda fundi mwengine alifanya na yeye hakujua," Biasha alisema.

"Bi Biasha, gari linavuta upande kila akikanyaga. Dereva asijue?"

Biasha akakumbuka safari zote alizokaa kiti cha mbele pembeni ya mume wake, wakipita katikati ya watoto wa skuli, Ubwa akipiga miluzi. Siku ile ndiyo aliyomkasirikia kwa mara ya kwanza tangu afe. Ni kazi ngumu kumkasirikia maiti, kwa sababu hajibu, na ukitaja jina lake lazima useme Mungu amrehemu.

Walitoka chini wakakaa kwenye tairi bovu. Ammar akamwambia njia zilizopo, na hakumpamba. Seti nzima ya mabomba iliyokunjwa kiwandani ingeagizwa Dar es Salaam, na bei yake ilikaribia ya gari lenyewe. Tena ni chuma kile kile, kingeoza tena. Angeweza kung'oa mabomba ya gari jengine lililokufa, lakini gari lililokufa Unguja limekufa kwa maradhi haya haya.

"Na ile shaba ya mafriji?" Biasha aliuliza. "Dereva mmoja wa pwani katia."

"Wengi wametia. Rahisi, laini, naikunja huku nakunywa chai. Mie nawatilia wanaonilazimisha, kisha nikiwaona barabarani napita upande wa pili. Bomba la friji linabeba hewa. Breki inasukuma kwa nguvu nyengine, na gari linatikisika siku nzima. Shaba tupu inachoka. Haianzi kuvuja kidogo ukapata kushtuka. Inapasuka wakati umekanyaga."

"Basi hakuna."

"Ipo moja. Ipo shaba iliyochanganywa na nikeli, imetengenezwa kwa breki, inauzwa imeviringishwa kwa roli. Haiingii kutu. Roli lenyewe si ghali, ghali ni mikono yangu: kulala chini kupima, kukunja, kufunga. Siku nzima na kesho yake."

Biasha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Mikono ikiwa yangu?"

Ammar akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Kukunja utaweza. Mdomo wa bomba hutaweza, ule unakunjwa mara mbili kwa mashine, ukikosea unavuja. Uniachie midomo. Na kila nati, kabla gari halijatembea, nije niikague mwenyewe. Sitaki jina lako kwenye dhamiri yangu."

Wakakubaliana hivyo. Biasha aliuza cherehani yake, akanunua roli, nati mpya na mafuta ya breki, gari likakokotwa tena mpaka Mangapwani. Kabla ya kugusa chochote aliikwangua sifa yote, akaosha kwa mafuta ya taa na sabuni, mpaka kuku wakakimbia ua. Akayafungua mabomba ya zamani kwa uangalifu, yaliyokatika akayaunganisha kwa uzi, akayalaza juu ya mkeka kwa mpango ule ule yaliokuwa nao chini ya gari. Yalikuwa kama mifupa ya samaki mkubwa. Kisha akachukua kamba ya usumba wa nazi, kwao Kizimkazi amekua akiisokota, akaifuatisha kila kona ya kila bomba kupata urefu, akafunga fundo pa kukatia, akaongeza shubiri kwa ajili ya midomo. Vipande akampelekea Ammar. Viliporudi na midomo na nati zake, alivikunja polepole kwa kuvizungusha kwenye kopo la maziwa, maana ukikunja kwa goti bomba linabonyea na kazi imeharibika. Kila kipande alikilinganisha na mfupa wake mkekani. Pale bomba linapopita karibu na chesisi alilivika kipande cha mpira wa baiskeli lisisuguane.

Bi Mwanapili alikuwa akimtazama kutoka kizingitini.

"Mwanangu, na wanaume wamekwenda wapi?"

"Wapo, Mama. Wanasubiri limalizike."

Alisema kwa mzaha. Baadaye alitamani asingeyasema maneno yale, kana kwamba aliyaita.

Siku ya kutoa upepo Ammar alikuja na pikipiki, akakagua nati moja moja, akazipiga spana, akanung'unika kwamba hana la kulaumu. Kutoa upepo kunataka watu wawili: mmoja anakanyaga pedeli, mwengine yuko chini kwenye gurudumu anafungua tundu dogo, hewa itoke na mafuta yafuate. Ammar alikuwa na haraka ya kurudi mjini, akamwachia Biasha spana. Wa kukanyaga hakuwepo ila Bi Mwanapili. Akapandishwa kiti cha dereva na buibui lake, miguu haifiki, wakamwekea mto mgongoni.

"Kanyaga, Mama!"

"Nshakanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, mguu unakufa ganzi!"

"Achia!"

"Alhamdulillahi!"

Wakaenda hivyo gurudumu hadi gurudumu, wapita njia wakisimama kutazama bibi kizee anayeendesha gari lisilokwenda. Walipomaliza la nyuma kushoto, Bi Mwanapili alikanyaga mara moja zaidi bila kuambiwa, akasema kwa mshangao, "Biasha, imekuwa ngumu. Kama jiwe." Alifurahi mpaka akasahau kushuka.

Kwa muda baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri, na sina mengi ya kusema juu yake. Biasha alitandika turubai zito nyuma ili maji ya dagaa yasipite. Kila jioni alimwaga ndoo za maji ya kisima chini ya gari. Sifa hakuipaka tena. Akapata hoteli mbili za pwani ya kaskazini za kuzipelekea samaki na barafu alfajiri, na wapishi wakampenda kwa sababu alifika. Wenziwe wenye magari mazuri zaidi walikuwa wakikutwa wamelala njiani. Akaanza kusema "gari langu" bila kushtuka. Kadi ya gari ilikuwa bado kwa jina la Ubwa. Alikusudia kwenda kuibadilisha, lakini kila asubuhi kulikuwa na barafu inayoyeyuka.

Khatib alikuja siku moja ya Ijumaa baada ya sala, akalizunguka gari, akapiga teke tairi moja kama afanyavyo mnunuzi. Akaingia, akaliendesha mpaka barabara kuu na kurudi. Alipokuwa akirudi alikanyaga breki kwa nguvu mbele ya mlango, vumbi likatimka, gari likasimama hapo hapo.

"Shemegi," alisema, bado ameshika usukani, "umefanya kazi ya maana. Sasa tulitazame hili jambo la mirathi."

"Mirathi gani?"

"Ya marehemu. Si gari lake hili?"

"Ulinipa, Khatib. Siku ya arubaini, mkekani, mama amekaa."

"Nlikupa chuma. Kile hakikuwa gari, kilikuwa hakisimami. Hili linasimama."

"Ni hilo hilo!"

"Ndiyo nnavyosema na mie. Ni lile lile la marehemu."

Walikwenda kwa sheha wa mtaa wao, na Bi Mwanapili pamoja nao, wakakaa barazani kwake. Watu wachache walikuwepo, kama kawaida, wa kusikiliza. Sheha alikuwa mtu mpole, aliyetaka jambo limalizike kabla ya adhana. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akamgeukia Bi Mwanapili, ambaye naye ni mrithi wa mwanawe. Kama mama alikubali siku ile gari litoke, alisema, basi limetoka. Kama hakukubali, Khatib hana uwezo wa kutoa fungu lisilo lake.

"Bi Mwanapili, siku ile ulikubali?"

Bi kizee aliangalia mikono yake. Biasha alikuwa na uhakika kiasi kwamba alikuwa ameshaanza kufikiria safari ya kesho, barafu atainunua wapi.

"Mie sikuulizwa," Bi Mwanapili alisema.

Hakusema uongo. Hilo ndilo lililomchoma Biasha kuliko jambo lolote. Uongo ungejibika. Hakuulizwa kweli, hawaulizwi, wanawake wa nyumba ile hawakuulizwa jambo tangu nyumba ilipojengwa, na siku ambayo hatimaye mmoja aliulizwa, alikitumia kile kimya chote kumfunga mwenzake.

Sheha akaeleza kwamba mjane asiye na mtoto haki yake ni robo.

"Robo ya gari ni gurudumu moja," Khatib akasema. "Shemegi, chagua ulitakalo."

Baraza ikacheka.

"La nyuma kushoto," Biasha alisema. "Kaka yako aliliua kwa koleo. Nimelifufua mie."

Hawakucheka kwa hilo. Khatib akakunja uso, akaendelea na hesabu yake. Robo, alisema, ipimwe kwa thamani ya gari siku aliyokufa Ubwa, ndiyo sheria ya mirathi, na siku ile kila mtu anajua lilikuwa na thamani gani. Matengenezo Biasha aliyafanya kwa hiari yake bila kuomba ruhusa ya warithi. Na muda wote aliolitumia hakulipa kodi, basi kimoja kinafuta chengine. Alizungumza vizuri. Alikuwa ameyapanga maneno kwa mpangilio, kama mtu aliyeyalalia.

"Na mashua?" Biasha akauliza, kwa kuchelewa. "Na minazi? Robo yake iko wapi?"

"Mashua ilikuwa ya baba," Khatib alisema. "Muulize mama."

Hakuna aliyemuuliza mama.

Sheha alimwambia Biasha kwamba kama hakuridhika, Kadhi yupo, na ni haki yake kwenda. Biasha alifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Kadhi angeuliza swali lile lile kwa bibi yule yule. Na wakati kesi inasikilizwa yeye angekuwa analala katika nyumba ambayo nayo haijagaiwa, ukuta kwa ukuta na shahidi. Hakwenda. Watu wengine watasema alikosa ujasiri. Ningependa kuwaona wao wakikaa kwenye nyumba ile mwezi mmoja tu.

Kwa Ammar alikwenda. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate kando.

"Gari ni lao? Sawa. Mabomba ni yako. Umeyanunua kwa cherehani yako. Yatoe. Muachie gari kama alivyokupa, umwambie mbele ya watu kwamba halina breki, usije ukabeba dhambi. Akitaka atie shaba ya friji. Atatia, namjua mtu wa aina ile."

"Mabomba yenyewe nitayafanyia nini? Yamekunjwa kwa umbo la gari lile."

"Yatundike ukutani. Kwani lazima yakufae? Yasimfae yeye tu."

Lile neno lilimkaa Biasha vizuri. Alilala nalo.

Asubuhi ya kukabidhi, Khatib alikuja amevaa shati jipya. Hoteli zote mbili zilikuwa zimeshakubali kwamba atawaletea yeye. Samaki ni samaki, na barafu haina jina la mtu. Biasha alikuwa ameshaingia chini ya gari, kanga kiunoni, spana mkononi. Khatib aliona miguu yake tu.

"Unalikagua, shemegi? Ahsante sana. Mtu mwengine asingefanya hivyo."

Biasha alianza na la nyuma kushoto. Nati ilikuwa imekaza, kama alivyoikaza mwenyewe, akaibana spana na kuisukuma, ikalia, ikalegea. Tone moja la mafuta ya breki likatoka, likamdondokea kwenye kiwiko cha mkono likateremka mpaka kwapani. Shaba ilikuwa safi. Hakukuwa na alama hata moja ya kutu, baada ya misimu yote ile ya chumvi. Ile kona ndogo aliyoikunja kwenye kopo la maziwa ilikuwa bado nzuri, na aliona fahari, na fahari ile ikamtia uchungu. Akaweka spana kwa mzunguko wa pili.

Gari likatikisika juu yake. Mtu alikuwa anapanda. Mlango wa mbele ukafungwa, na Biasha akasikia kikohozi anachokijua. Bi Mwanapili alikuwa na siku yake ya kwenda hospitali mjini kuchukua dawa za sukari. Kwa miezi mingi Biasha ndiye aliyempeleka. Leo angepelekwa na mwanawe, kwa gari hili hili, siku hii na siku zote zitakazokuja, na mabomba yoyote yatakayokuwemo.

Kisha sauti ya bibi ikashuka kupitia sakafu yenye matundu, ndogo, ya kawaida tu.

"Biasha. Nikanyage?"

Biasha ameniambia kwamba mpaka leo hajui swali lile lilikuwa na nini ndani yake. Huenda lilikuwa msamaha unaoombwa kwa njia ya kuzunguka. Huenda bibi alijua vizuri spana ile inafanya nini, akaingia garini kwa makusudi, na akakaa juu yake kama mtu anayekaa juu ya mlango wa kisima. Au labda alikuwa mzee tu, aliyekumbuka siku aliyofurahi. Biasha alilala pale chini akitazama nati. Hakuhisi huruma. Alikumbuka lile "mie sikuulizwa", akalisikia tena na tena, na mkono wake ulikuwa tayari.

"La," alisema. "Usikanyage."

Akaikaza nati. Akaikaza mpaka mwisho, akaongeza kidogo kama Ammar alivyomfundisha, akaipangusa kwa ncha ya kanga akaitazama iwapo inavuja. Haikuvuja. Akatoka.

"Tayari?" Khatib aliuliza.

"Tayari."

Alimpa ufunguo. Spana hakumpa. Bi Mwanapili alikuwa kwenye kiti cha mbele, mkoba wa dawa mapajani, akitazama mbele.

"Hukumsamehe?" nilimuuliza Biasha, Kizimkazi, siku aliponihadithia haya huku akipara changu, samaki wa watu.

"Nimsamehe nini? Sikumuua tu. Watu wanachanganya."

Siku ile alisimama mlangoni akalitazama gari likiteremka kuelekea barabara kubwa. Khatib alikuwa anakwenda mbio, kama mtu mwenye gari jipya. Pale penye kona mwanamke mmoja alitokeza ghafla na beseni la dagaa kichwani. Taa nyekundu za nyuma zikawaka zote mbili. Gari halikuvuta upande, halikuserereka. Lilisimama sawa, magurudumu yote manne, hatua moja kutoka kwa yule mwanamke, naye akageuka akamtukana Khatib mpaka akaridhika, akavuka. Kisha gari likaendelea na safari yake mjini.

Biasha aliingia ndani kufunga nguo zake.